Mshono wa Bawa la Kushoto

Bengamisa, 2 Juni 2024

Papa Djamila,

Salamu nyingi. Mimi na mwanao Djamila tumefika salama, vumbi mpaka ndani ya masikio. Mama amevunjika nyonga kweli, si kuteguka kama tulivyoambiwa. Hawezi hata kujigeuza kitandani bila mimi. Usinitazamie upesi.

Simu sahau. Antena ya hapa imeungua na hakuna anayejua itatengenezwa lini. Barua zetu atabeba Papy, yule wa pikipiki anayepeleka mafuta ya mawese Kisangani. Ni mwaminifu, ila akiona watu wamekaa wanakunywa, na yeye hukaa.

Sasa ndege yetu. Nasema yetu kwa makusudi. Wewe uliranda mbao ukafunga bomba za alumini, sawa, lakini ngozi yake ni kazi ya mikono yangu. Miaka miwili mtaa wetu wote wa Kabondo umetucheka: fundi baiskeli anataka kuruka, na mkewe anamshonea nguo ndege! Mimi nilishona nao wakicheka. Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza, mwanamke mwingine asitie sindano yake humo. Mkia nitaushona mwenyewe nikirudi. La pili, bawa la kushoto liache kama lilivyo. Usilipake vernis, ile rangi ya kukazia kitambaa, usiliguse. Nitakueleza tukionana.

Na usisahau ahadi yako. Tangu ulipokuwa unanibeba nyuma ya baiskeli, hata kabla hujanioa, ulisema: nikipata kitu cha kuruka, kiti cha nyuma ni chako. Mimi sikukuomba. Ulisema mwenyewe.

Mkeo,
Rachida

*

Kabondo, Kisangani, 9 Juni 2024

Mama Djamila, mupenzi,

Barua ilifika, inanukia mawese mupaka nikasikia njaa. Pole sana kwa mama. Nimemupa Papy sukari na dawa ya kupaka, umuulize yote mbili.

Bon. Usikasirike mbele ya kusoma mupaka mwisho. Mvua imepunguka. Huu mwezi njo muzuri kwa kuruka. Ikipita, tutangoja tena mupaka Desemba. Moteur ya ndege, ile tulitoa kwa Volkswagen, inaimba vizuri kuliko siku yote. Na mukia iko pale inaniangalia, mbao tupu, uchi. Ningefanya nini? Donc nimekamata Nadège, ule couturière wa avenue ya nyuma, mwenye alishona uniforme ya Djamila. Anakuja asubuhi, saa sita anarudi kwake. Mukono yake iko muzuri. Si kama yako, lakini muzuri.

Tena kuna jambo lingine lenye lilinisumbua, na yeye njo alinisaidia. Jana nilimupima, nikaona iko sawa kabisa. Nilipima na wanawake wengine wa avenue, hapana, hakuna hata mumoja. Nadège peke yake. Nilifurahi kama mutoto.

Tulisukuma ndege mupaka kule njia ya Masako, kwenye barabara imenyooka, na nikapiga miruko mbili ndogo. Niliinuka urefu wa nyumba, nikashuka. Miaka kumi ya kufunga boulons kwenye ndege za watu pale aéroport, mbele ya kazi ya baiskeli, na rubani muzee wa pale mwenye alinifundisha kushika usukani, haikupotea bure.

Kuhusu bawa ya kushoto, sikuelewa. Ile bande ya kitambaa ulibandika juu ya mushono imekamata vizuri, na vernis nilisha kupaka mbele barua yako ifike. Usihangaike. Jina nimeandika kwa rangi nyekundu: TOLEKA, kama zile baiskeli za teksi zenye zilitulisha.

Ni mimi bwana yako,
Alfani

*

Bengamisa, 12 Juni 2024

Karima mdogo wangu,

Tumbo lako linaendeleaje? Usibebe maji. Mwambie Jean-Paul akubebee, mimba hukujipa mwenyewe.

Nakuandikia kwa sababu sili wala sinywi. Shemeji yako ameniandikia, kwa mkono wake, bila haya. Nakunakilia neno kwa neno: "Jana nilimupima, nikaona iko sawa kabisa." Nani? Nadège, mshonaji wa avenue ya nyuma. Kampima nini? Sisi tukisema kupima, ni kujaribu: mtu anapima viatu dukani, anapima pikipiki kabla ya kununua. Na mwanamke je, anapimwaje? Tena anasema alipima na wengine, hakuna aliyefaa! Halafu ananiambia alifurahi kama mtoto. Ya rabi! Mwanaume anaandika hivyo kwa mke wake?

Na amemtia kwenye kazi yangu. Nilimwomba mwanamke mwingine asishone humo, Karima. Hata mmoja! Hata angeniletea mke mwenza mlangoni nisingeungua hivi. Mke mwenza angepika jikoni kwake. Huyu anashona juu ya mshono wangu.

Wewe unakaa karibu. Nenda, jifanye umekuja kuomba chumvi, uangalie. Usinifiche hata kidogo, na usinipunguzie.

Dada yako,
Rachida

*

Kabondo, siku ya Idi, 16 Juni 2024

Yaya, dada yangu mukubwa,

Idi mubarak, hata kama najua hauko na Idi yoyote.

Nilienda. Si kwa chumvi, nani ataamini mimi nakosa chumvi siku ya Idi? Nilipeleka sahani ya nyama. Nikakuta Nadège amekaa ndani ya ndege. Kiti ya nyuma, Yaya. Ya nyuma! Amenyoosha miguu kama iko kwa mama yake. Shemeji iko chini, amepiga magoti, anatia vipande vya chuma pale kwa pua ya ndege, anatoa, anatia, anauliza, "Usitikisike, Nadège, kaa vile vile." Na wanacheka wote wawili. Mimi nikasimama na sahani yangu, hakuna mwenye alinikaribisha.

Ngoja, haijaisha. Batu wa avenue wananiambia ile juma ingine shemeji alipakia wanawake kwenye baiskeli, mumoja mumoja, anazunguka nao. Mama Odile alishushwa hata mbele ya kufika kona. Nadège alizungushwa mara mbili! Shemeji akafunga breki, akasema mbele ya watu: "Ni huyu." Kisha akamupandisha kwenye balance ya Papa Mahmoudi, ile ya kupimia unga ya muhogo, kati ya mifuko, na soko nzima inaangalia. Sasa unajua namna mwanamke anapimwa.

Zamani mwanaume wa Kisangani alikuwa anaficha deuxième bureau yake, mwanamke wa pembeni, kwa nyumba ya mbali. Shemeji yako hafichi. Hapa watoto wanamuimbia Nadège, kwa sababu ya ile kiti ya pili: "Deuxième siège! Deuxième siège!" Na leo paja ya mbuzi ya Idi yetu imeenda kwake. Paja nzima. Na yeye ni Mukristo, haiko hata na Idi.

Uliniambia nisipunguze. Muzuri, ndiyo, mbona nikudanganye? Iko na mwili kama ule wako. Vile alikuwa juu ya baiskeli, mutu mwenye hajui angesema ni wewe.

Mimi ningekuwa wewe, ningekuja hata kwa miguu. Lakini mama atabaki na nani?

Mudogo yako,
Karima

*

Bengamisa, 18 Juni 2024

Bwana Alfani,

Mama anakusalimia. Djamila anakusalimia. Sukari ilifika, dawa pia.

Nimesikia kwamba ulipima na ukaona sawa. Hongera. Mwenye duka hupima mara moja. Wewe ulizunguka mara mbili, kisha ukapeleka kwenye mizani ya unga ili soko lote liwe shahidi. Paja la Idi natumaini lilikuwa laini.

Nina swali moja, na unijibu kama mwanaume. Siku ya kuruka, nani atakaa nyuma?

Kuhusu bawa la kushoto sina tena la kusema. Mshonaji unaye.

Rachida

*

Masako, 22 Juni 2024

Mama Djamila,

Barua yako ilikuwa baridi, nilitafuta hata sweta! Nani alikuandikia? Karima? Ule na mudomo yake, mutoto akizaliwa atazaliwa anasema.

Nilizunguka na Nadège kwa baiskeli, ndiyo. Nilimupandisha kwenye balance, ndiyo. Sasa kuna nini? Kazi iko kazi. Paja ya mbuzi, alishona mukia mupaka vidole ikavimba, nimupe asante ya mudomo tupu? Wivu yako hii, kama ingekuwa essence, mafuta ya moteur, ningefika Kinshasa.

Unauliza nani atakaa nyuma. Sikuambii! Jumamosi tarehe 29, asubuhi, kama mvua haiko, mutoke wewe na Djamila kwenye kiwanja ya mupira ya Bengamisa, na mutazame upande wa Kisangani. Ninakuja kwa hewa. Uambie chef de cité, mukubwa wa mji, aondoe mbuzi na batu, nishuke. Kiti ya nyuma haitakuwa wazi, hiyo tu nitakuambia. Ukiona mwenye amekaa, utacheka.

Kutoka leo nalala huku kwa ndege mupaka siku ile, batu wasiibe vis za kufungia ndege. Ukiandika, Papy aniletee huku.

Bwana yako mwenye unamuchoma bure,
Alfani

*

Bengamisa, 24 Juni 2024

Karima,

Anamleta. Anamleta hapa hapa, kwa mama yangu, mbele ya macho ya Bengamisa nzima, amkalishe kwenye kiti changu, na ananiambia nitacheka. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Sasa laja na kwa hewa linakuja.

Nisikilize, nikuambie jambo ambalo hakuna mtu analijua. Bawa la kushoto halijashonwa. Siku ile nilipoitwa kwa ajili ya mama, uzi wa nailoni ulikuwa umekwisha upande wa kulia. Nilitaka Alfani alale akijua mabawa yote mawili yamevaa nguo, ajue mkewe hakumwangusha. Nikapiga bandi tu, mishono mirefu ya uzi wa pamba, ule wa kushikiza nguo kabla ya kuishona. Nikabandika bande juu, ikapendeza. Nilisema nikirudi nitaifumua usiku mmoja na kuishona sawasawa. Ndiyo maana nilimwambia asiguse.

Kwa miruko ya urefu wa nyumba, bandi itashika. Lakini kuja Bengamisa, upepo ukiingia chini ya kile kitambaa, uzi ule utafumuka mmoja baada ya mwingine.

Na mimi nimenyamaza. Nilimwandikia "mshonaji unaye" na nikanyamaza, na moyo ukanipoa kidogo. Huyo mshonaji wake mwenye mkono mzuri si aone? Si apapase? Kama ni hodari wa kukaa, awe hodari wa kukagua. Acha waruke. Acha Madame Deuxième Siège asikie upepo wa mume wa mtu.

Usinijibu na usimwambie mtu. Ukizaa, nitumie habari.

Rachida

*

Bengamisa, Alhamisi 27 Juni 2024

PAPY, HII IPELEKE MASAKO MOJA KWA MOJA. USIKAE MAHALI.

Alfani,

Usiruke. Nakuapia kwa Mungu na kwa uhai wa Djamila, usiruke.

Bawa la kushoto halina mshono. Ni bandi, uzi wa pamba, chini ya ile bande. Mimi ndiye niliyefanya hivyo siku ya kusafiri kwa sababu uzi ulikwisha, na sikukuambia kwa sababu ya fahari. Kisha sikukuambia kwa sababu ya wivu. Nilijua ni hatari na nilinyamaza. Jana nilikuwa namshonea Djamila kanzu ya kukupokea, nikavuta uzi kidogo tu, ukakatika mikononi mwangu. Nikaiacha kanzu sakafuni, nikatoka kumtafuta Papy.

Mpeleke nani unayetaka kwenye kiti kile. Mpeleke Nadège, mpeleke Kabondo nzima. Lakini fumua bande kwanza, uone kwa macho yako. Unitukane baadaye, ukiwa hai.

Rachida

*

Kabondo, 1 Julai 2024

Rachida,

Barua yako ya Alhamisi nilipata Jumapili. Papy alikaa Alhamisi, Ijumaa akaanguka kwenye daraja ya miti, mukono umeteguka. Donc mbele nisome usiruke, nilikuwa nimesha ruka.

Uliniona. Mimi pia nilikuona. Niliweka njia ya Banalia, ile inapita Bengamisa, upande wa mukono wa kulia, nikaifuata tu, mapaa ya mabati chini inameremeta, na nikafika. Lakini ile kiwanja ilikuwa imejaa batu kama siku ya match, hakuna mahali ya kuweka hata baiskeli. Nilizunguka mara tatu, napiga mukono watoke, na wao walifikiri nasalimia, wanakuja wengine. Nikakuona kando ya goli. Ulikuwa umekaa chini kabisa, mikono kwa kichwa. Nikasema ndani ya roho: mama Djamila analia ya furaha. Essence inanimalizikia, nikarudi. Njia yote nilikuwa naimba.

Sasa nikuambie ulichoona kwa kiti ya nyuma. Ni mufuko ya muchanga. Nilimuvalisha kitambaa yako ya kichwa, ile ya maua ya manjano. Ndege ndogo hii, ukikosea uzito wa nyuma, inainua pua na inakufa. Nilikuwa nataka kujua uzito yako, na wewe haukuwa hapa. Lakini mugongo yangu inakujua, miaka yote nilikubeba kwa baiskeli. Nikatafuta mwanamke mwenye mugongo yangu itasema ni wewe. Nadège peke yake njo alikuwa na kilo yako. Nikamupima kwa balance, nikamukalisha, nikarekebisha pua. Kisha nikajaza mufuko kilo ile ile. Nilikuwa nakuja kushuka, nitoe Rachida ya muchanga, niingize Rachida ya mwili. Njo ile nilisema utacheka.

Bon. Jumapili nikasoma barua yako. Nikakimbia kwa ndege na kisu, nikabandua ile bande ya kushoto, yote, kutoka mwanzo mupaka ncha. Na nikaona nini? Nylon. Mushono mufupi mufupi, mugumu, muzuri kuliko wa kulia. Hakuna bandi. Hakuna pamba. Hakuna kitu.

Rachida, wivu nilikuwa naicheka. Lakini kuapa kwa uhai wa mutoto wetu, kunitisha na kifo kwa bawa zima, ili tu mwanamke mwingine asikae? Angekuwa mutu mwingine aniambie hii juu yako, ningemupiga. Mufuko ya muchanga nimetoa. Kiti iko wazi. Sijui tena iko ya nani.

Alfani

*

Kabondo, 4 Julai 2024

Mama Djamila,

Hunifahamu vizuri, na vile unanifahamu si vizuri. Mimi ni Nadège. Natanguliza heshima.

Papa Djamila alisoma barua yako kwa sauti mbele yangu na mbele ya mudogo yako Karima, mwenye amesha zaa, mutoto mikononi. Alikuwa na hasira, anauliza ukuta: "Kwa nini amenidanganya?" Karima akaangalia chini. Mimi pia sikusema kitu. Nimekuja nyumbani, kimya ikanishinda.

Haukudanganya. Juma ya kwanza ya kazi yangu, nilipitisha kidole juu ya bande ya kushoto, kama vile tunafanya sisi washonaji, na kidole kikaruka. Kiliruka mbali kuliko kwa kulia, kwa sababu mishono ilikuwa mirefu. Nikabandua kidogo, nikaona pamba. Nilijua hapo hapo: huyu mama aliitwa kwa ugonjwa, alikimbia. Na mimi nimesha kupiga bandi na kufunika, na mteja anangoja mlangoni. Nani hajafanya?

Papa Djamila alikuwa ameenda kutafuta vis. Nikafumua yote, nikashona na nylon, na aliporudi nilimwambia bande ilikuwa inabanduka, nimeigandisha upya. Nilinyamaza kwa ajili yako. Nilisema ndani yangu, mume asijue mkewe aliacha bandi kwenye bawa. Ni mambo ya wanawake wa sindano. Paja ya mbuzi alinipa kwa mukia. Ya bawa hakuna mutu alinilipa na sikuomba.

Lakini kimya yangu imekufanya uitwe mwongo. Na wimbo wenu wa Deuxième Siège umenifanya niitwe nini? Landry, mwenye alinichumbia, hapiti tena avenue yetu. Mimi nilikaa kwa ile kiti nikiwa gunia tu, Mama. Nilikuwa unga. Hata nikikohoa, bwana yako alinigombeza kwamba naharibu kilo zako.

Sasa chagua. Nikisema, Papa Djamila atajua kweli uliacha bandi na ulinyamaza. Nisiposema, atabaki anajua ulidanganya. Mimi nitafanya vile utaniambia.

Nadège

*

Bengamisa, 7 Julai 2024

Nadège, mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka Djamila akaninyang'anya. Papy anabeba barua mbili leo, kwa mkono mmoja, na nimemwapisha kwa mama yake. Ile nyingine ni ya mume wangu. Nimemwandikia kwamba bandi ilikuwa yangu na mshono ni wako, na kwamba nilijua nikanyamaza ili wewe uanguke, na ungeanguka yeye akiwa mbele yako. Sikukuachia wewe kazi ya kulisema. Umeshashona vya kwangu vya kutosha.

Sasa nikuambie ukweli mwingine, kwa sababu wewe umeniambia wako. Nilipofika pale uliposema "nikafumua yote", nilipaswa kusema alhamdulillahi. Nilisema. Lakini kabla sijasema, wivu ulinishika kuliko siku zote. Mfuko wa mchanga nimeuonea haya. Baiskeli nimeisamehe. Mizani nimeicheka, naam, nimecheka kama alivyosema, peke yangu, nikilia. Hili siwezi. Mkia ni wako. Bawa la kushoto ni lako. Kama kulia kuna mahali nilikosea, bila shaka umepita huko pia. Mume wangu alikuja mpaka juu ya kichwa changu na akarudi salama kwa uzi wako, na mimi nilikuwa chini na mikono kichwani. Mungu anisamehe, nakushukuru na nakuonea wivu kwa pumzi moja, na sijui nikutumie kipi kwanza.

Karima nimemwandikia aache wimbo. Mwenyewe niliuanzisha moyoni kabla watoto hawajauanzisha barabarani. Na Landry mwambie hivi, kwa jina langu: mke wa Alfani anasema aliyepimwa ni Rachida. Asiposikia, nitampitia nikifika, na mimi najua kusema.

Mama ameanza kujigeuza mwenyewe. Binamu yangu anakuja kunipokea zamu, na wiki ijayo nitapanda nyuma ya Papy, Mungu atulinde. Kiti cha ndege sijui kama bado ni changu. Hilo la mume wangu, atasema mwenyewe, na akisema hapana nitalisikia nikiwa nimesimama.

Lakini wewe nakuomba kitu kimoja. Kwenye bawa la kushoto, karibu na ncha, fumua mshono wako. Si wote. Upana wa kiganja kimoja tu. Usishone, uache wazi, umwambie mume wangu asiruke mpaka nifike. Naja na sindano yangu. Wewe utasimama kando yangu ushike kitambaa, na kabla sijaanza, uushike uzi wangu kwa mikono yako miwili, uuvute kwa nguvu zako zote, uone kama ni nailoni.

Rachida